Mtaalamu wa Theluji wa Umm Salal

Jumapili, Januari 5

Mama ametuma ujumbe wa sauti kutoka nyumbani Nanyuki, chini ya mlima. Anasema mwaka huu kila nikiandika shajara nitaje jambo moja la kushukuru, maana mimi huorodhesha hatari zote za siku kabla sijashuka kitandani. Haya. Nashukuru kwa kazi. Nina kiyoyozi, nina kiti chenye magurudumu, nina nusu ya meza. Nusu nyingine ni ya Velma.

Maelezo mafupi, nikifa ghafla asome yeyote atakayeokota haya. Kampuni yetu hukodisha kwadi, zile pikipiki za magurudumu manne, kwa watu wanaopenda kurukaruka kwenye matuta ya mchanga ya Sealine. Ofisi na gereji viko hapa Umm Salal, nje kidogo ya Doha. Mimi na Velma ni makarani wa manunuzi, wote wawili tuko kwenye majaribio. Mwezi wa Februari mmoja atathibitishwa na kubaki na meza nzima. Mwingine atapelekwa Sealine, kwenye kibanda cha tiketi. Peke yake. Mchanga mbele, mchanga nyuma, jua juu. Mimi na digrii yangu ya biashara! Ngozi yangu ni ya mlimani.

Leo asubuhi Mudiri alituita. Mudiri ni Abu Jasim, mwenye kampuni. Huongea kwa sauti ya chini sana, na ndiyo inayonitisha. Mtu anayepiga kelele unajua atachoka.

Amenunua nyumba ya wageni kwenye milima ya Georgia, ambako watu wa Doha huenda kuona theluji majira haya. Amekwisha kupeleka kwadi huko. Akatuonyesha video. Kwadi ilikuwa na matairi yetu ya mchangani, yale ya nyuma yana makasia kama ya mtumbwi. Dereva akakanyaga mafuta. Makasia yakarusha theluji nyuma, yakachimba, yakachimba, kwadi ikateremka taratibu kama mtu anayeshuka ngazi kwenda chini ya nyumba. Mwishowe ilibaki kofia ya dereva. Theluji ya huko, Mudiri alisema, inafika kiunoni.

Akauliza tununue matairi gani. Velma alitazama kucha zake. Mudiri akanigeukia, akauliza kama si mimi ninayetoka kwenye mlima wenye theluji.

Ningejibu hivi: ndiyo Mudiri, ila theluji iko juu na mimi niko chini, na katikati kuna msitu na nyati. Nimeiona kupitia dirisha la darasa, asubuhi, kabla mawingu hayajaifunika. Lakini nikimwambia Mudiri hapana, ulimi unakauka. Nikasema naijua. Akauliza naijua kiasi gani.

Nikasema tumekua pamoja.

Tumekua pamoja! Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Nichague mimi. Matairi yaondoke na ndege ya mizigo kabla ya mwezi kwisha. Tulipotoka, Velma alinipa hongera na kuniita Daktari wa Theluji. Sikupenda alivyolitamka lile neno Daktari.

Shukrani ya pili, maana ya kwanza naona haitoshi: Mudiri hakuniuliza theluji ina ladha gani.


Jumatatu, Januari 6

Nimesoma siku nzima. Jioni nina maarifa mengi na hofu zaidi.

Kumbe ulimwengu wa matairi ya theluji una vyama viwili. Nimeviita Chama cha Kuzama na Chama cha Kuelea. Kuzama wanasema: tairi jembamba, refu, lenye meno marefu, litoboe theluji lifike chini likakanyage ardhi. Kuelea wanasema: tairi pana, mpira laini usiokakamaa kwa baridi, meno yaliyoachana ili theluji isigande katikati yake, upepo kidogo ndani ili tairi litandazike, likae juu. Wote wana picha. Wanaume wenye ndevu, wanatabasamu. Hakuna aliyejipiga picha akiwa amekwama.

Nilikaribia kupata jibu. Nilijiuliza: kama theluji inafika kiunoni, tairi la kuzama litaipata ardhi lini? Kisha nikakumbuka kwamba wenye ndevu wameishi huko, mimi nimesoma biashara. Nikaacha kufikiri.

Nikaenda gereji kwa Iddi. Iddi anatoka Tanga, ni mkuu wa madereva wetu wa matuta, mtu wa vicheko. Nikamweleza kinaganaga. Akasema, "Mdogo wangu, mchanga na theluji ni mtu na binamu yake. Weka makasia, ongeza mafuta, basi." Nikamkumbusha ile video. Akasema yule dereva hana moyo. Ila alisema pia kwamba mchangani wao hupunguza upepo kwenye matairi, na hilo limelingana na nilichosoma. Nashukuru. Ni jambo moja ambalo watu wawili wamekubaliana.

Halafu akanipasha habari. Wiki jana Velma alikuwa Sealine. Alikizunguka kibanda cha tiketi, akaingia ndani, akauliza jua linapiga upande gani na wateja huja saa ngapi.

Anakagua kaburi langu!

Niwe mwangalifu na huyu mwanamke. Siku hizi anakosea makusudi ili nilegee. Jana ameagiza helmeti za watoto badala ya za watu wazima. Wiki iliyopita bei za mafuta ya injini zilikaa kwake mpaka muda ukapita. Mbinu ya hali ya juu. Kwa kuwa lawama zingetuangukia sote wawili, nimerekebisha kimyakimya kama kawaida yangu. Hajui.


Ijumaa, Januari 10

Leo ni siku ya mapumziko huku, nilikwenda ibada Mesaimeer, yaliko makanisa ya Doha. Nilikuwa na mpango mdogo wa siri: wakati wa chai nimnong'oneze dada Nyaboke, nimuulize kama anamjua mtu aliyewahi kuishi kwenye theluji. Mtu mmoja tu. Kimya kimya.

Dada Nyaboke ni muuguzi, na ni mwenyekiti wa kila kamati ya Wakenya tunaosali pale. Harusi, misiba, mgeni anayefika, mgonjwa anayerudi nyumbani. Nilipomaliza kunong'ona aliweka kikombe chini, akainuka, akasema, "Wapendwa, kijana wetu ana mzigo."

Nilijua nimekwisha. Chapati hazijapoa, kamati imeundwa. Mwenyekiti, makamu, katibu, hata mweka hazina, ingawa hazina haikuwepo. Kamati ya Matairi ya Ndugu Joram. Nikaambiwa nisimame nieleze. Nikaeleza vyama viwili kwa sauti inayotetemeka, wakanipigia makofi kwa kuthubutu.

Arnold, wa kompyuta, aliwahi kusoma Sweden. Kila mtu akamgeukia. Akakiri kwamba theluji ya huko ilikuwa inaondolewa na mashine kabla hajaamka, yeye anachokijua vizuri ni namba ya basi lake. Ila mara moja alivaa viatu vipana kama raketi za tenisi akatembea juu ya theluji bila kuzama. Basi akawa upande wa Kuelea. Kiprop, mwalimu wa michezo, akasema hayo ni mambo ya kutembeza wageni. Mwanariadha kwenye tope huvaa viatu vya misumari, anang'ata ardhi, anaenda. Kuzama! Wakajibizana. Mtu akaniuliza kama Georgia ina tope. Mwingine akasema tupige simu kwa binamu yake aliyeko Edmonton, kwenye theluji nusu mwaka. Tukapiga. Binamu hakupokea.

Kura zikapigwa, zikalingana.

Sasa, dada Nyaboke haruhusu kamati yake ivunjike. Ndiye aliyemaliza ugomvi wa sare za kwaya kwa kuamua soprano wavae kijani na wengine maruni, na mpaka leo tunaimba hivyo. Akafikiri kidogo. Akatangaza: magurudumu ya mbele yapewe Kuzama, ya nyuma yapewe Kuelea. Mbele membamba yenye meno marefu, nyuma mapana laini. Kila mtu amepata, hakuna aliyeshindwa. Shangwe. Arnold na Kiprop wakakumbatiana. Tukaomba. Matairi yakaombewa kwa majina.

Nilitaka kusema kitu. Nikasema amina.

Nashukuru kwa umoja wa watu wetu. Nimetoka na chapati mbili kwenye karatasi, na hofu ya ukubwa ule ule niliyoingia nayo.


Jumamosi, Januari 11

Mpango wangu mwenyewe, bila kamati. Kuna duka kubwa kaskazini mwa jiji lenye bustani ya theluji ndani, watoto huteleza humo. Theluji ya mashine, lakini ni theluji. Nikajiambia: Joram, wewe ni msomi, fanya jaribio.

Kwa kuwa huwezi kuingia na tairi, nilitengeneza matairi ya miguu. Mguu wa kulia, njumu ya mpira niliyoazima kwa Kiprop: nyembamba, ina meno. Mguu wa kushoto, sinia la wali la nyumba tunayopanga, limefungwa kwa kamba chini ya kiatu: pana, halina makali. Vyote nilivificha ndani ya koti la kukodi.

Nilipoingia niliishika theluji. Mara ya kwanza maishani! Baridi iliniingia mpaka kwenye kiwiko. Nilimwuliza mhudumu, kijana mpole Mfilipino, kama huwa ni baridi hivi siku zote. Alinitazama kwa huruma.

Nikapata lundo pembeni, theluji mpya iliyomwagwa wala haijakanyagwa. Nikajificha nyuma ya mnara wa plastiki, nikavaa, nikapanda.

Njumu ilizama mpaka gotini. Sinia likabaki juu.

Hapo nikasimama, mguu mmoja chini na mwingine juu, sisongi mbele wala nyuma. Kila nikiuvuta ule wa njumu unachimba zaidi. Niliita msaada, lakini kwa sauti ndogo, nisisumbue watu. Watoto wa sherehe fulani ya kuzaliwa waliniona, wakadhani mimi ni sehemu ya michezo, wakapanga mstari kupiga picha na mimi. Nilitabasamu. Ningefanya nini?

Kisha mtu akanishika kofia ya koti kutoka nyuma, akanivuta kama gunia la viazi. Nikageuka. Velma! Sherehe ilikuwa ya mtoto wa rafiki yake.

Alitazama njumu. Alitazama sinia. Alitazama lile shimo.

"Na mlikua pamoja," alisema.

Basi. Akaninunulia chai ya karaki, ile ya maziwa na viungo, akanikalisha mpaka meno yakaacha kugongana, akarudi kukata keki. Sasa anajua. Ananishika shingoni. Kesho akisema neno moja kwa Mudiri nimefika Sealine.

Hata hivyo nashukuru kwa karaki. Ilikuwa na iliki nyingi. Nilikunywa baada ya kumwona naye amekunywa.


Jumatatu, Januari 13

Jana Velma hakusema kitu kwa Mudiri. Leo pia hajasema. Ananiacha niive.

Siku ya kuagiza. Niliketi mbele ya kompyuta nikiwa na mashahidi wawili kichwani. Upande mmoja lile sinia, ambalo kwa kweli lilibaki juu. Upande wa pili kamati nzima, iliyopiga kura, iliyoomba. Sinia ni la aluminiamu. Kamati ina mwenyekiti. Na dada Nyaboke alikuwa ametuma ujumbe asubuhi akiuliza kama utekelezaji umeanza. Neno utekelezaji likanimaliza.

Nikaagiza mseto. Mbele Kuzama, nyuma Kuelea.

Mudiri alipita akauliza nimechagua nini. Nikasema mseto, ndivyo tunavyofanya mlimani kwetu. Akasema vizuri sana, akaenda. Kinywa changu kina maisha yake.

Velma alisogeza kiti, akasoma kwenye skrini yangu. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika kabisa. Akaniuliza tena, polepole, kama unavyomwuliza mgonjwa. Nikasema kabisa kabisa. Akachukua simu, akatoka nje, akakaa huko muda mrefu. Nilimwona kupitia kioo akizungumza huku akitembea. Wakati mmoja alicheka.

Ananishtaki!

Nimefungasha vitu vyangu vya mezani kwenye mfuko, nikaviweka chini ya kiti, tayari. Aliporudi alikuwa na sambusa mbili, moja akaniwekea mbele yangu. Nashukuru kwa sambusa. Hata aliyehukumiwa hulishwa.


Jumapili, Januari 19

Siku ya kutisha.

Matairi yamefika gereji. Nilikwenda kuyakagua. Yote mapana! Mbele mapana, nyuma mapana, kimo kimoja, meno ya wastani yaliyoachana vizuri, mpira laini unaominyika kwa kidole. Hakuna jembamba hata moja. Muuzaji amekosea, na mimi ndiye niliyesaini mapokezi kabla sijafungua, kwa sababu dereva wa lori alikuwa anaharakisha na mimi siwezi kumwangusha mtu.

Mpango: kabla hayajafungashwa, nichomoe yale ya mbele, niweke membamba ya zamani yaliyo stoo, nifunike kwa turubai. Nikamwomba Iddi anisaidie kuinua. Nikamweleza kwamba kuna kamati. Iddi alikaa juu ya tairi akacheka mpaka akashika ubavu. Akasema yeye hagusi kitu, nimwulize dada pale.

Dada pale alikuwa Velma, amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

Nikamwambia najua ni yeye, amebadilisha oda yangu ili aniangamize. Nilisema kwa ukali, nadhani. Iddi baadaye aliniambia nilikuwa kama mtu anayeomba maji.

"Joram, kaka yangu," Velma alisema. "Lile sinia lilibaki juu?"

Nikasema lilibaki.

"Na njumu?"

Nikasema ilizama.

"Sasa ulitaka theluji ikwambie nini tena, ikuandikie barua? Umeiuliza mwenyewe, ikakujibu mwenyewe, nikiona kwa macho yangu. Halafu ukaenda ukaitii kamati. Hiyo kamati ilikuwa na theluji?"

Nikasema ilikuwa na chapati.

Akanieleza. Siku ile aliyotoka nje alimpigia muuzaji. Muuzaji alikuwa ameshangaa oda yangu na ndiye aliyemchekesha. Kwadi zetu huendeshwa na magurudumu yote manne kwa pamoja, na matairi ya mbele na ya nyuma yasipolingana kimo yanavutana, mbele inakwenda njia yake na nyuma njia yake, mpaka gia zinavunjika. Hapo hata theluji hujaifikia. Velma akamwambia atume mapana manne kwa kila kwadi. Basi.

Nikamwuliza kwa nini. Kwa nini aniokoe, wakati nikianguka meza yote ni yake?

Alinitazama kama anavyotazama kompyuta inayokwama.

"Kwa sababu siitaki hiyo meza. Nakitaka kibanda."

Sikuelewa. Akarudia. Anasomea mitihani ya uhasibu kwa mtandao. Sealine wateja huja baada ya alasiri, jua likilegea. Asubuhi yote ni ya vitabu. Upepo wa bahari unafika. Mudiri haendi huko kwa sababu hapendi mchanga kwenye makubazi yake. Alikwenda mwenyewe kupima kivuli. Kuomba waziwazi hakuthubutu, maana Mudiri angetaka kujua kuna nini huko. Ilikuwa lazima ashindwe. Tangu Novemba anachelewesha bei, anaagiza helmeti za watoto, anasahau simu. Na kila akija asubuhi anakuta mambo yamenyooka.

"Nimekosea kwa bidii yote, Joram," alisema, "na wewe unanifuata nyuma ukipiga deki."

Iddi alianza tena kucheka. Mimi nilikaa chini kwenye tairi. Lilikuwa laini sana.

Nashukuru. Sijui hata nianzie wapi. Nashukuru kwa adui niliyekuwa naye, ambaye sikuwa naye.


Jumanne, Januari 21

Matairi yameondoka na ndege. Niliambatanisha maelekezo: yasijazwe upepo mwingi, yaachwe yatandazike. Hilo ni langu mwenyewe, nililisoma na Iddi akaliunga mkono. Velma alisoma akasema sawasawa. Niliona fahari kwa muda wa kutosha mpaka nikaanza kuogopa kwamba nimeandika vibaya.

Dada Nyaboke ameuliza kuhusu mseto. Nimemjibu kwamba maombi ya kamati yamefanya kazi kwa njia ya ajabu. Si uongo. Nashukuru kwamba si uongo.


Alhamisi, Januari 30

Mudiri alipiga simu ya video kutoka milimani. Nilipokea nikiwa nimesimama, kwa heshima, ingawa hangeweza kuona miguu.

Kwanza niliona weupe mtupu. Kisha akageuza simu. Kwadi inakuja! Juu ya theluji, si ndani yake. Inayumbayumba, inateleza kidogo, inaacha njia pana nyuma yake, na aliyeiendesha ni mwanawe Jasim, anacheka. Pembeni kijana mmoja wa kazi alikuwa anatembea kwa miguu, amezama mpaka kiunoni. Kwadi ikampita.

Mudiri akasema kwa ile sauti yake ya chini kwamba zinaelea. Akasema ni moja tu iliyokwama, mara moja, na ni kwa sababu mgeni alijaza matairi upepo mpaka yakawa kama mawe, kinyume na maelekezo yangu. Maelekezo yangu! Akasema mtoto wa mlima ni mtoto wa mlima. Meza ni yangu kuanzia Februari. Velma, kwa masikitiko, atakwenda Sealine.

Nilitaka kumwambia ni Velma. Nilifungua mdomo. Velma alikuwa amekaa nusu yake ya meza, nje ya picha, ananitikisia kichwa kwa nguvu, macho makali: thubutu uone. Nikasema ahsante Mudiri.

Simu ilipokatika, Velma alifunika uso kwa mikono. Nikadhani analia, nikaanza kuomba msamaha. Alikuwa anacheka na kulia vyote viwili. Alinikumbatia. Akasema mtihani wake ni Mei, na sasa ataufanya.

Nimempigia Mama. Nimemwambia nimethibitishwa. Akaniuliza nimetaja nini leo kwenye shukrani. Nikasema vyote. Akasema chagua kimoja. Nimechagua yule mhudumu wa bustani ya theluji, ambaye hakumwita mlinzi.


Jumapili, Februari 9

Nina meza nzima. Ni kubwa kuliko nilivyodhani. Hakuna mtu wa kuniuliza mara mbili kama nina hakika.

Mudiri amerudi na ananiita kwa kila jambo, kwa kuwa ananiamini. Kuaminiwa kunachosha! Asubuhi ananiita, nikirudi kiti hakijapoa ananiita tena. Hata hivyo nashukuru.

Mchana nilikwenda Sealine na Iddi kupeleka tiketi mpya. Tulimkuta Velma ameketi kivulini, miguu juu ya kreti, kitabu mapajani, chupa ya chai kando. Upepo unapepea. Hakuna simu. Hakuna mteja. Bahari inaonekana kwa mbali. Alituchekea, akatupa machungwa, akaniuliza Mudiri hajambo, kama mtu anayeulizia nchi aliyoihama.

Iddi alipowasha gari alisema, "Dada wa watu kapata pepo." 

Njia nzima nilikuwa natazama dirishani.


Jumanne, Februari 11

Nimefikiri kwa makini sana. Velma anastahili kibanda, sikatai. Lakini je, ni yeye peke yake? Mimi ni mtu wa mlimani, kifua changu kinahitaji hewa ya bahari. Nami naweza kusomea kitu. Na kibanda kina nafasi ya viti viwili, nilipima kwa macho. Hatutagombana. Tukigombana, mimi ndiye mwenye digrii.

Nilijaribu njia yake. Niliagiza helmeti za watoto. Nikakaa. Jasho likanitoka. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimempigia muuzaji kurekebisha, na kumwomba radhi, na kuwauliza hali watoto wake. Sina kipaji cha kukosea kwa makusudi.

Basi alasiri, Mudiri alipoingia akilalamika kwamba huko Sealine anahitaji mtu anayejua mchanga kikweli, niliona mlango umefunguka wenyewe. Nikasimama. Nikamweleza kwamba ukitoka Nanyuki kuelekea kaskazini ni jangwa tupu mpaka Ethiopia, na kwamba mimi na mchanga tumenyonya ziwa moja.

Alifurahi. Akanishika bega. Akasema kwa sauti ya chini kabisa kwamba hakujua, na kwamba Ijumaa kuna wageni wake wakubwa, msafara mzima wa kwadi, watavuka matuta yale marefu, na Iddi, aliyekuwa awaongoze, ni mgonjwa. Nitaongoza mimi. Nikae mbele kabisa, wote wafuate gurudumu langu.

Nikasema inshallah.

Leo nashukuru, na nashukuru kwa dhati, kwamba Mudiri hakuniuliza kama nimewahi kuendesha kwadi.